Mabomba ya Baba Mkwe

Sikuolewa Handeni ili nikakae nyumbani nikipanga madumu ya maji ukutani. Niliolewa kwa sababu mwanaume aliniahidi duka. Wenzangu waliahidiwa mapenzi. Mimi niliahidiwa chumba pale Chanika, hapo hapo Handeni mjini, karibu na stendi, chenye meza, mashine ya kutoa kopi na kompyuta, na mimi nimekaa nyuma ya meza nawachapia watu barua za kuomba kazi. Mapenzi yalikuwepo pia, sikatai, na mtoto alikuja haraka kuthibitisha. Lakini kilichonitoa kwetu Manundu, Korogwe, ni duka.

Basi fikirieni. Mtoto ameshaanza kukaa mwenyewe. Chumba kimeshapigwa rangi. Kompyuta imeshaletwa kutoka Dar es Salaam, mpya, kioo chembamba kama sinia. Na mimi niko uani napepeta mchele. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Niliamka nayo, nikanyonyesha nayo, na mpaka leo nashangaa yale maziwa hayakuganda.

Tatizo lilikuwa ufunguo. Kile chumba kilijengwa kwenye kiwanja cha baba mkwe, kwa hiyo ufunguo ulikaa kwa baba mkwe, kwenye mfuko wa koti lake, koti ambalo hakulivua hata jua la Handeni lilipokuwa linachoma paa. Alikuwa hajaamua nani akakae dukani. Upande mmoja nilikuwa mimi na cheti changu cha kompyuta cha Korogwe. Upande wa pili alikuwa wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye aliwahi kukaa Tanga mjini kwa shangazi yake akarudi na cheti chenye muhuri mkubwa kuliko wa kwangu. Wifi hakuwa na mtoto. Hoja yake ilianzia hapo na kuishia hapo hapo.

"Wifi, wewe pumzika, utulelee mwanetu," alikuwa ananiambia kwa sauti ya asali. "Mteja anataka kopi, wewe umetoa ziwa. Biashara gani hiyo?"

"Ziwa langu linakuzuia nini wewe?"

"Nakuonea huruma tu, wifi yangu."

"Huruma mtunzie mumeo. Akipatikana."

Mume wangu nilimuuliza mara ngapi sijui. Yeye alikuwa ananunua mahindi vijijini, akirudi amejaa vumbi la barabara na usingizi. "Baba ndiye atasema," ananijibu, anageukia ukutani. Mwanaume anayeweza kubishana na wakulima kutwa nzima juu ya gunia moja, kwa baba yake anakuwa kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Nanyi mtauliza, kwa nini sikwenda mwenyewe kwa baba mkwe nikamwambia? Anayeuliza hivyo hajawahi kuolewa kwenye ukoo ule. Kule kwa wakwe zangu mke wa mtoto na baba mkwe wanaheshimiana mpaka inakuwa kazi. Hamkai kiti kimoja, hata kwa zamu. Hamkai chumba kimoja mkiwa wawili. Yeye akitaka kuingia sebuleni anakohoa mlangoni, na mimi nikisikia kikohozi natokea mlango wa uani. Shikamoo nampa nikiwa nimeinama, naangalia vidole vyangu vya miguu. Mama mkwe ndiye angekuwa katikati yetu, lakini alishatangulia mbele ya haki kabla sijaolewa. Ikabaki njia moja tu ya kuzungumza na yule mzee, nayo ilikuwa mwanangu.

Mzee alikuwa anamtania mjukuu wake kwa kumwita mke wangu, kama babu wote. Basi akiwa na neno na mimi, anamwambia yeye, mimi nikiwa nasikia. "Mke wangu, mwambie mama yako chai leo imekosa tangawizi." Nami nikiwa jikoni najibu: "Mwanangu, mwambie babu yako tangawizi imeisha." Mtoto mwenyewe hana hata jino. Anatuangalia, anatoa udenda, ujumbe umefika.

Sasa, duka halijafunguliwa, kompyuta ikawekwa sebuleni, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama runinga ya bi harusi. Ndipo mambo yalipoanza.

Pale Manundu nilikojifunza, kompyuta zote zilikuwa mitumba. Ulikuwa ule wakati ambao mipaka imefunguliwa na kila kilichochokwa Ulaya kinashuka kwetu: mashati, friji, baiskeli, na kompyuta zenye vioo vyenye kisogo kirefu, ambazo mkizibeba inabidi muwe wawili. Kwenye zile kompyuta kulikuwa na mchezo wa mabomba. Unapewa vipande: bomba lililonyooka, kiwiko, njia panda. Unavipanga haraka kwenye kiwanja kabla maji hayajafunguliwa. Maji yakija, yanafuata ulikopanga. Ukikosea, yanamwagika, umekwisha. Mimi darasa zima hakuna aliyenifikia. Mwalimu wetu, kijana mwembamba ambaye hakuwahi kupandisha sauti, alinikataza kuucheza mbele ya wanafunzi wapya kwa sababu walikata tamaa.

Niliutamani ule mchezo. Nilikuwa na diski yake. Nikaiingiza kwenye kompyuta mpya, nayo ikanijibu kwa Kiingereza cha dharau kwamba programu hii haiwezekani humu. Mashine mpya, kubwa, ina nguvu ya mashine zote za Manundu ukizijumlisha, eti inashindwa mchezo ambao zile kuukuu zilikuwa zinauendesha huku zinakoroma.

Nilipokwenda Korogwe kumwonyesha mama yangu mtoto, nilipitia chuoni nikiwa na mtoto mgongoni nikamweleza mwalimu. Akacheka, akanipa programu ya kutengeneza mashine pepe.

Nitaieleza kama alivyonieleza. Kompyuta mpya inatenga sehemu yake moja na kujifanya, katika sehemu hiyo, kuwa kompyuta ya zamani. Ile ya zamani haijui kwamba iko ndani ya mwenzake. Unaiwasha, inaamka kwenye kidirisha chake, inakohoa, inahesabu kumbukumbu yake ndogo kwa fahari, inadhani iko peke yake mezani. Na humo ndani michezo ya zamani inakubali, kwa sababu inajiona iko nyumbani.

"Kumbe ni kama mimi kwa wakwe," nikamwambia mwalimu.

"Vipi?"

"Niko ndani ya nyumba ya mtu, nimepewa kona, natakiwa nijione mwenye nyumba."

Alinionyesha namna ya kuigandisha ile kompyuta ya ndani katikati ya mchezo, unabonyeza vimistari viwili vilivyosimama, kila kitu kinasimama, maji yanabaki hewani mpaka utakaporudi. Akanionyesha na namna ya kuinakili yote, na michezo yake, kama unavyonakili barua. Akaniambia jambo moja kwa msisitizo, yeye ambaye hana msisitizo: "Weka nakala."

Nikarudi Handeni nikiwa mtu mwingine. Asubuhi, mume kaenda kwenye mahindi, wifi kaenda kusukwa, mzee yuko msikitini, mimi na mwanangu tunaondoa kitambaa cha kufuma. Mtoto pajani, mkono mmoja kwenye mausi. Wallahi nilistarehe. Handeni maji tunayaota. Dumu linaletwa na punda, na punda mwenyewe anakuangalia kama anakufanyia hisani. Halafu mimi nimekaa sebuleni nafungulia maji ya kijani yanapita kwenye mabomba yangu, kiwiko, nyoosha, kiwiko, mpaka mwisho, wala hakuna tone lililopotea.

Siku moja nikasikia kikohozi. Sikugandisha. Nilimnyanyua mtoto nikachomoka mlango wa uani huku maji yanatembea kwenye kioo.

Kisha nikasikia sauti ya mzee, polepole, kama mtu anayesoma jina lake kwenye gazeti. "Bomba."

Lazima niseme kwamba baba mkwe alikuwa fundi bomba wa serikali. Maisha yake yote alichimba mitaro ya mji ule, mpaka serikali ilipoanza kupunguza watu, wakampunguza naye, akarudi nyumbani na spana zake. Mabomba aliyoyalaza bado yako chini ya ardhi mpaka leo, makavu.

"Mke wangu!" akaita. "Mwambie mama yako kitu chake kinamwaga maji!"

"Mwanangu," nikasema kutoka jikoni, "mwambie babu yako asiguse, kitaacha chenyewe."

"Mwambie fundi gani aliyeweka kiwiko pale!"

Nikachungulia. Hakuwa amekaa kwenye kiti changu, aisee, hata shetani angemsukuma asingekaa. Alikuwa amekisogeza kando kwa ncha ya bakora, kama mtu anayesogeza kuku, akavuta kigoda chake cha kahawa, akakaa chini sana, kidevu kiko usawa wa meza. Kwa hali hiyo akaanza kucheza.

Alicheza vibaya, Mungu anisamehe. Alikuwa anataka alaze mabomba kama fundi: aanzie kwenye tangi, anyooke mpaka nyumba ya mwisho, aache nafasi ya koki. Mchezo unampa vipande ovyo ovyo, yeye anakataa kuvitumia. "Hiki si cha hapa," anamwambia mjukuu wake, anasubiri kinachofaa, na huku maji yameshafunguliwa. Yakimwagika anashika kichwa. Halafu anaanza tena. Alikosa swala ya alasiri msikitini, akaswalia nyumbani, na sijui kama alitulia.

Kuanzia hapo ikawa vita ya viti viwili. Nikicheza mimi, anakohoa, nakimbia, anasogeza kiti kwa bakora. Na akikuta mchezo wangu umegandishwa, haugusi. Siku moja alisimama mbele yake kutwa nzima hajui afanye nini, mpaka akamwambia mtoto, "Mke wangu, mwambie mama yako siwezi kulala kwenye mkeka wake."

Nikaelewa. Kwake kuendelea pale nilipoachia mimi ilikuwa ni sawa na kukalia kitanda changu. Basi nikanakili kompyuta ya ndani, nikamtengenezea ya kwake. Sasa ndani ya kompyuta moja zikakaa kompyuta mbili za zamani, moja ya mkwe, moja ya mke wa mtoto, kila moja na mlango wake, na hazijuani. Nikamtuma mwanangu na ujumbe huo. Mzee alifurahi mpaka akamnunulia mtoto biskuti asizoweza kutafuna. Ya kwake akaiita nyumba kubwa. Ya kwangu akaiita ya uani. Hata ndani ya mashine pepe nikapewa uani.

Lakini nilikuwa nimepata ninachotaka, au nilidhani hivyo. Nikajisemea, mzee ameona nani anaijua hii kompyuta. Wiki hii atatoa ufunguo. Wifi naye hakuwa mjinga, alianza kumpelekea kahawa kabla haijaombwa. "Baba, nikushikie mtoto ucheze vizuri?" Eti mtoto. Mtoto ambaye akimshika dakika mbili anamrudisha kwa ncha za vidole kwa kuogopa mkojo.

Baraza la mzee lilikuwa linatazamana na dirisha la sebule. Rafiki yake wa msikitini alikuja kwa kahawa akachungulia, akaona kioo kimejaa mabomba, na mzee ameinama mbele yake.

"Mzee mwenzangu! Kazi imerudi?"

Baba mkwe angesema nini? Mtu mzima, ndevu nyeupe, aseme anacheza? "Napitia mambo ya mabomba," akasema.

Hakudanganya. Lakini Handeni huwezi kusema bomba kwa sauti ya kawaida. Kesho yake niko kwenye foleni ya maji, mwanamke nisiyemjua ananisogezea dumu langu mbele, ananiita mama kwa heshima kubwa. "Mama, huyo mkwe wako, mtaa wetu ameufikia?"

"Ameufikia nini?"

"Haya bwana. Kama ni siri ni siri."

Na kwa bahati mbaya, au nzuri, wiki hiyo hiyo bomba la mtaa wa chini, ambalo lilikuwa limekauka mpaka watoto wanalifanyia bembea, likakohoa likatoa maji nusu siku. Saa hizo hizo mzee alikuwa amefika mwisho wa kiwanja kigumu, anapiga kelele dirishani, "Yamepita! Yamepita mpaka mwisho!" Waliopita njia walisikia kwa masikio yao. Nani sasa utamwambia ni mchezo?

Balozi wa nyumba kumi akatuma salamu kwamba atakuja na kina mama wa mtaa wa juu kuonana na mzee. Mzee akatambua balaa. Akatoka barazani, akamkuta mjukuu wake, akamwambia, "Mke wangu, mwambie mama yako leo mabomba yasionekane."

Mtoto alikuwa mikononi mwa wifi. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya maji.

Narudi na dumu kichwani, namkuta wifi sebuleni ananitolea tabasamu. "Nimesafisha," anasema. "Baba kaagiza mabomba yasionekane. Nimeingia humo, nimekuta kompyuta mbili mbovu za zamani zimekwama ndani ya hii nzuri. Nimezifuta zote. Mpaka kwenye kapu la takataka nimefuta. Sasa inapumua."

"Amekwambia ufute?"

"Amesema zisionekane. Zinaonekana?"

Sikumpiga. Naandika hapa ili ijulikane, sikumpiga. Nililitua dumu.

Balozi akaingia, na nyuma yake kina mama wengi kuliko viti, mbele yao muuza vitumbua mmoja mnene, mwenye sauti ya kuita wateja ng'ambo ya barabara. Mimi nikasimama mlango wa uani, mtoto mgongoni, kichwa nimeinamisha. Mzee amekaa kwenye kigoda, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mzee, hatutaki maneno mengi," balozi akasema. "Mtaa wa chini wamepata. Sisi tumekukosea nini?"

"Hakuna maji hapa," mzee akasema. "Tazameni wenyewe." Akafunua kitambaa cha kufuma kama mtu anayefunua maiti. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya vilima vya kijani na mawingu. Basi.

Kina mama wakainama wakatazama vile vilima.

"Ameyahamisha," muuza vitumbua akasema.

"Yalikuwepo!" akasema mwingine. "Mume wangu aliyaona dirishani. Mabomba mpaka pembeni!"

"Umewapa wa chini, umefunga, sisi unatuonyesha majani."

"Na majani yenyewe mabichi! Yamenyweshwa na nini kama si maji yetu?"

Niliona mzee anavyopima aibu mbili, ya kuwa mwizi wa maji na ya kuwa mzee mchezaji. "Ulikuwa mchezo," akasema mwishoni.

Muuza vitumbua akapiga makofi mara moja. "Mchezo! Mzee wa msikitini, mtu wa swala tano, akae kwenye kigoda kutwa acheze? Mzee, hata uongo una heshima yake. Usitudanganye hivyo."

"Wallahi ulikuwa mchezo!"

"Basi tuonyeshe."

Mzee akamwangalia wifi. Wifi akaangalia vilima. Akakamata mausi, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, vilima vikabaki vilima. "Baba, ulisema yasionekane," akasema, na sauti ya asali ilikuwa imekwisha.

Ndipo mzee akageuka. Hakunitazama mimi. Alitazama kichwa cha mwanangu kilichokuwa kinachungulia begani kwangu.

"Mke wangu," akasema mbele ya watu wote wale, "muulize mama yako kama maji yanaweza kurudi."

Hasira ya miezi yote ile, yote, ilikuja ikakaa mdomoni, na cha ajabu ilikuja imetulia.

"Mwanangu," nikasema, "mwambie babu yako nakala ipo. Ninayo. Lakini mwambie pia, lile duka la Chanika linahitaji mtu anayeweka nakala."

Kina mama wakageuka kunitazama mimi, kisha mtoto, kisha mzee.

"Mtoto anasema nini?" balozi akauliza.

"Baba, hapo anakubana!" wifi akasema. "Mbele za watu!"

"Mwambie mama yako tutaangalia," mzee akamwambia mtoto.

"Mwanangu, mwambie babu kwamba tutaangalia haiwashi kompyuta."

Muuza vitumbua akacheka kwanza. Wengine wakafuata, ule ucheko wa wanawake ambao wamewahi kuambiwa tutaangalia. Mzee akakohoa, kikohozi kile cha mlangoni, ila safari hii hakuna aliyetoka.

"Mwambie sawa," akasema. "Mbele ya balozi. Sawa."

Nikaingia ndani, nikatoa flashi niliyowekea nakala kwenye kopo la unga wa uji, nikarudi. Mzee akainuka, akasogea na kigoda chake mpaka ukutani, akaangalia dari, ili tusiwe meza moja. Nikakaa. Nikanakili. Kidirisha kikafunguka, na ile kompyuta kuukuu ya Manundu ikaamka ndani ya ile mpya, ikakohoa, ikaanza kuhesabu kumbukumbu yake bila haya mbele ya umati. Kina mama wakanikandamiza mgongoni, mtoto akapiga kelele. Mabomba yakatokea.

"Si nilisema!" yule mwenye mume wa dirishani akasema.

"Kaa hapa, mama," nikamwambia muuza vitumbua, nikampisha kiti. "Leta maji kwenye mtaa wako."

Akakaa, kiti kikalalamika. Nikamwekea mkono kwenye mausi. Akaweka kipande kimoja, akaweka cha pili, akasema kumbe rahisi, na maji yakafunguliwa, yakapita, yakafika kwenye kiwiko kilichoangalia pembeni, yakamwagika yote.

"Nimemwaga!" akapiga ukunga. "Jamani, nimeyamwaga!"

Chumba kizima kilianguka kwa kicheko. Balozi alitaka zamu yake, akamwaga haraka zaidi. Mwanamke mmoja akamwambia ndiyo maana mtaa mzima umekauka, balozi mwenyewe hajui kupinda. Mzee, kule ukutani, macho yako darini, alishindwa kujizuia: "Nyoosha! Nyoosha, si hapo!" Na kwa lile neno alisafishika. Hakuna mwizi wa maji anayeumia namna ile kwa bomba la mchezo. Walimcheka mpaka wakachoka, wakamwita kijana, wakamuuliza kama na gololi anazo.

Waliondoka wanafuta machozi. Wa mwisho kutoka alikuwa mwanamke mdogo, labda umri wangu, mwenye ndoo ambayo sijui kwa nini alikuja nayo. Alisimama mlangoni. "Kwa hiyo maji hayapo," akasema. Si kwa hasira. Akaenda na ndoo yake.

Wifi alijifungia chumbani. Nikabaki mimi jikoni mlango wazi, mtoto amekaa chini kwenye jamvi kati yangu na sebule, na mzee amerudi kwenye kioo, ameifungua nyumba kubwa. Nikamsikia anapumua. Kisha anabonyeza, anarudi nyuma, anabonyeza tena.

"Mke wangu," akasema, "mwambie mama yako nilikuwa nimefika mbali kuliko hapa."

Ilikuwa kweli. Nakala niliichukua siku nilipomtengenezea, kabla hajajua kucheza. Viwanja vyake vyote vigumu, yale yote aliyoyapigia kelele dirishani, vilikuwa vimekwenda na kapu la takataka la wifi.

"Mwambie nilifika mpaka kule kwenye matangi mawili."

Mtoto alimtazama yeye, akanitazama mimi. Na mimi nilikuwa nimechoka kumtumia mtoto kama simu ya upepo. Nikasimama mlangoni, vidole vya miguu sikuviangalia.

"Baba, shikamoo," nikasema. "Vimefutika. Hakuna wa kuvirudisha. Anza upya."

Nilisubiri paa lianguke. Mzee alikuwa amenipa kisogo, hakugeuka. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa ufunguo wa Chanika, akainama kutoka kwenye kigoda, akauweka kwenye kiganja cha mjukuu wake.

"Mke wangu," akasema, "mpe mama yako."

Akarudi kwenye mabomba, akaanza upya, kiwanja cha kwanza.

Mwanangu hakunipa. Aliukamata kwa mikono yote miwili, akaukumbatia kifuani, na nilipouvuta akapiga kelele za mtu anayeibiwa. Nikapiga magoti pale kwenye jamvi. Nikamfungua kidole kimoja kimoja, naye anafunga vile nilivyokwisha kufungua, mpaka nikautoa.